Kataba, Yaktubu na "Has Written": Maswali Yenu Kuhusu Nyakati za Vitenzi

Safari iliyopita nilisema hapa kwamba Mwarabu hana jedwali la nyakati 12 kama lile linalobandikwa ukutani katika madarasa yetu ya Kiingereza. Kumbe nimechokoza mzinga. Maswali yamekuja kutoka Kondele hadi Mumias, na mengine yamekuja na hasira kidogo. Nimechagua haya.

Salaam aleikum mwalimu. Niko kidato cha tatu, Mumias, na nitafanya mtihani wa Kiarabu. Mwalimu wa Kiingereza anasema nyakati ni 12, ustadh anasema kitenzi cha Kiarabu kina madhi (sura ya yaliyopita) na mudhari (sura ya yanayoendelea au yajayo) basi, ukiacha amri. Nani tumwamini?

Waaleikum salaam. Waamini wote wawili, ila uliza kila mmoja anahesabu nini. Mwalimu wa Kiingereza anahesabu mafungu ya maneno. Kitenzi chenyewe cha Kiingereza, ukikivua visaidizi, kinabaki na sura mbili za wakati: "write" na "wrote". "Will" ya wakati ujao ni neno jingine lililosimama mbele, halijaungana na kitenzi. Hizo 12 zinapatikana kwa kuzipanga "have", "be" na "will" kwa zamu.

Ustadh wako anahesabu sura za kitenzi: kataba, aliandika, yaktubu, anaandika. Naye akitaka kupanga, anapanga. Kana yaktubu ni alikuwa akiandika. Kana qad kataba ni alikuwa ameandika. Sayaktubu, au sawfa yaktubu, ni ataandika. Hata atakuwa ameandika ipo: sayakunu qad kataba. Sibawayhi, yule mwanasarufi Mwajemi wa Basra wa karne ya 8, alijua vizuri kwamba mambo yamegawanyika katika yaliyopita, yanayoendelea na yatakayokuja. Nyakati tatu, sura mbili, na hakuona shida yoyote.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii: Mwingereza anakulazimisha uchague, Mwarabu anakuachia. Yaktubu peke yake inaweza kuwa anaandika sasa hivi, huandika kila siku, au hata ataandika kesho ukiongeza neno la kesho. Mwanafunzi anayetaka kuoanisha jedwali la Kiingereza na Kiarabu mstari kwa mstari anajitesa bure. Weka Kiswahili katikati. Utaona mara nyingi kinakaa karibu na Kiarabu kuliko na Kiingereza.

Mwalimu, mimi ni mzazi hapa Kondele. Mwanangu aliandika katika insha "The baby has slept" akapigwa mstari mwekundu. Mimi nilisoma nikaona ni sawa kabisa. Kosa liko wapi?

Mama, kosa hilo nimelifanya mimi nikiwa mtu mzima. Wageni walifika shuleni nilipokuwa nikifundisha, nikaenda kumwambia mkuu wangu "The visitors have sat in the office." Akanitazama, akauliza: "Kisha wakasimama?"

Tatizo ni -me- yetu. Ina kazi mbili, na sisi hatuzioni kwa sababu tumezaliwa nazo. Ukisema "amekula ugali", tendo limekwisha. Hapo "has eaten" inafaa. Lakini ukisema "mtoto amelala", hutuelezi tendo lililokwisha. Unatueleza hali aliyo nayo mtoto hivi sasa, kwa hiyo tupunguze sauti ya redio. Kiingereza hakitumii "has" hapo. Kinasema "is asleep" au "is sleeping". Vivyo hivyo amesimama, amekaa, amevaa: "is standing", "is sitting", "is wearing". Mtoto akisema "She has worn a blue dress", Mwingereza anaanza kuuliza gauni hilo alilivaa siku gani.

Kuna kipimo ninachowapa wanafunzi wangu. Tia neno "bado" mbele, kwa maana ya mpaka sasa. "Bado amelala" inasemeka. "Bado amesimama", "bado amevaa sare", "bado amechoka" zote zinasemeka. Jaribu "bado amekula ugali": imekwama. Ikisemeka na "bado", usiandike "has". Ikikwama, iandike. Kipimo hiki si cha kitabuni, ila hakijaniangusha mara nyingi.

Na sasa tazama Kiarabu. Kwa mtoto aliyelala, Mwarabu huchukua jina la mtendaji: "huwa na'im", na hiyo "huwa" ni yeye kwa Kiarabu. Aliyekaa ni jalis, aliyesimama ni waqif, aliyevaa ni labis. Kwa hiyo hali ile ile moja, Mswahili anaibebesha -me-, Mwingereza anaipa "-ing", Mwarabu anaifanya kama sifa ya mtu. Mwambie mwanao asivunjike moyo. Alikuwa akifikiri sawasawa, ila kwa Kiswahili.

Jambo la pembeni: sisi husema "nimekuja jana" bila wasiwasi. Kiingereza hakiruhusu "I have come yesterday". Ukitaja siku iliyopita, ni "came", hakuna kubembelezana.

"I have ever been to Mombasa." Rafiki yangu hapa Nakuru anasema ni Kiingereza safi.

Ni Kiswahili safi: nimewahi kufika Mombasa. Kwa Kiingereza "ever" ya namna hiyo hukaa katika swali. Katika jibu itoe tu.

Ustadh, katika Kurani tunasoma "wa kana Allahu ghafuran rahima". Jirani yangu anayejifunza Kiarabu kwa simu anasema kana ni "was", basi maana yake Mungu alikuwa msamehevu. Nilikosa jibu. Manyatta, Kisumu.

Jirani yako amejifunza nusu. Kana hufasiriwa "alikuwa" katika hadithi za kila siku, lakini sura ya madhi haina kazi ya kufunga mlango nyuma yake kama "was". Inaweza kueleza jambo lililothibiti na halijaacha kuwa hivyo. Ndiyo maana wafasiri wa Kiswahili huandika kwa "ni": Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusamehe.

Tena mpeleke mbele zaidi. Sura ya An-Nahl inaanza "Ata amru Allah", amri ya Mwenyezi Mungu imefika, kisha papo hapo watu wanaambiwa wasiihimize. Imefikaje na bado wanaambiwa wasiihimize? Ni madhi kwa jambo lijalo, kwa sababu hakuna shaka kwamba litakuja. Hata sisi tunafanya hivyo. Mtoto anaitwa na mamake, naye bado yuko uwanjani na mpira mguuni, anajibu: "Nimekuja!"

Na kabla hujauliza: "rahimahullah" pia ni madhi, na haina maana kwamba tunatangaza Mungu kesha mrehemu. Ni dua. "Jazakallahu khayran" na "barakallahu fik" ziko hivyo hivyo. Kwa Kiswahili tunageuza: Mungu amrehemu, Mungu akulipe.

Kwa nini Kiarabu kinasema "lam adhhab" kwa "sikuenda"? Hiyo adhhab ni mudhari, na jambo limepita!

Na wewe kwa nini husemi "sikulienda"? Nilienda, sikuenda: -li- imetoweka, -ku- imeingia. Mwingereza naye: "I went", lakini "I did not go". Lugha zote tatu hubadilisha nguo zikikanusha. Mtoto anayeandika "did not went" amefanya kosa lile lile la anayesema "lam dhahabtu".

Katika Kiarabu ni herufi ya kukanusha inayobeba wakati. Sikiliza na irabu ya mwisho. La adhhabu, siendi. Lan adhhaba, sitaenda. Lam adhhab, sikuenda, na irabu imekatwa. Ipo pia ma dhahabtu, ambayo inabaki na madhi yake.

Lakini ninayoipenda mimi ni lamma. Lamma adhhab si sikuenda. Ni sijaenda, na huenda nikaenda. Ni -ja- yetu kabisa. Katika sura ya Al-Hujurat Mabedui wanaambiwa imani haijaingia mioyoni mwao, na neno lililotumika ni hilo hilo, lamma yadkhul. Mlango haujafungwa. Kiingereza hapo kinahitaji "not" na "yet", maneno mawili, kwa kazi ambayo sisi tunaimaliza kwa silabi moja.

Binti yangu anasafiri kwenda Qatar kufanya kazi. Amejifunza Kiarabu kwa kutazama tamthilia za Misri. Kitamtosha?

Kitamsaidia, ila mwonye kuhusu herufi moja. Mmisri akisema "baktib" anamaanisha ninaandika. Watu wa Ghuba wakisema "baktib" wanamaanisha nitaandika. Akiulizwa kazi na kujibu kwa b- ya Misri akidhani amesema "ninaifanya", mwenye nyumba atasikia "nitaifanya", na hapo ugomvi wa bure. Akifika huko aseme "aktib" kwa sasa, au aanze na "ga'id" kama jambo linaendelea: ga'id aktib. Hiyo ni ya mwanamume; yeye kama mwanamke aseme ga'da aktib. Hiyo b- aiweke akiba kwa ahadi za kesho.