Valvu ya chuma: kabla hujasaini, uliza maabara

Mdogo wangu, ishia hapo hapo. Dereva wa watalii, miaka 38, wiki nzima uko Serengeti na wageni, halafu unasema umeshaamua uwekewe valvu ya moyo ya chuma ili usirudi tena kwenye kisu, unataka tu kujua gharama na lini utashika usukani? Nani kakulisha maneno hayo? Aliyenilisha mimi alivaa koti jeupe: "Hii ukiweka umemaliza." Umemaliza! Angesema ndiyo kwanza naanza, ningempelekea mbuzi.

Sikatai, kwa umri wako wengi huelekezwa chuma. Ile ya tishu, ya ng'ombe au nguruwe, huchakaa baada ya miaka kama 10 hadi 15, na kwa vijana upesi zaidi. Lakini chuma ni wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku mpaka kaburini, na wafarini bila kupima INR, yaani kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ni kucheza kamari. Ikishuka, damu inaganda kwenye valvu, unapata kiharusi. Ikipanda, unavuja.

Mimi nakaa Rombo, juu kabisa. Nilitoka Dar na valvu ya chuma ya mitrali, ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, INR ikitakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5, nikaambiwa nitapima "huko huko kwenu". Kwetu wapi? Kituo cha karibu mara vitendanishi vimeisha, mara mashine mbovu. Kushuka Moshi ni nauli na foleni, na ng'ombe wanasubiri majani. Nikajiambia dozi ni ile ile, mwili ni ule ule, nipime nini? Nikawa nameza kwa imani.

Tumbo likaniuma. Kijana wa duka la dawa akanipa Flagyl, hakuuliza natumia nini, na mimi mdomo nikaufunga. Kumbe Flagyl inauzuia mwili kuiondoa wafarini! Fizi zikavuja, nikalaumu mswaki. Choo kikawa cheusi kama lami, nikalaumu chakula cha msibani. Nilipodondoka bafuni ndipo nikapelekwa Moshi: INR imepita 9. Niliongezewa damu ya watu nisiowajua, na ng'ombe wa maziwa akauzwa kulipia. Yule kijana baadaye ananiambia, "Mzee si ungesema." Nilimtazama tu. Hata kumpiga sikuweza, ningechubuka mimi.

Kwa hiyo maabara kwanza, valvu baadaye. Uliza hapo Arusha, uliza Karatu, uliza Mugumu: INR mnapima siku zote? Vitendanishi vikiisha mnanituma wapi? Majibu nayapata leo leo, na nani atanibadilishia dozi? Kuna kimashine cha kuchoma kidole unachoweza kutembea nacho garini, ila vile vijikaratasi vyake ni pesa, piga hesabu ya mwaka mzima. Majibu yakiwa ya kubabaisha, mwambie daktari wa upasuaji waziwazi kazi yako ilivyo. Hapo tishu inazungumzika hata kwa miaka 38.

Na atakayekuambia kuna vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji kupima, mwambie hivyo si vya valvu ya chuma. Mnafu hupunguza nguvu ya wafarini; kula, ila kiasi kile kile kila wiki, usishindie sufuria nzima siku ya sikukuu. Mlio wa valvu usiku utauzoea. Mke wangu ameshaniomba nihamie chumba cha wageni, anasema amelala na saa ya ukutani.

Ukipita Karatu safari hii, ingia uulize, kisha uje useme wamekujibu nini.