Kijani cha zeituni hakimaliziki dukani

Wewe unayeanza ufundi rangi, utakutana sana na mteja anayekunyooshea simu yenye picha ya sebule ya kijani cha zeituni, kile kilichopoa kama jani lililokaukia kivulini. Usikimbilie kusema "hamna shida". Mimi nilisema.

Ilikuwa Tabata, Dar es Salaam. Nilichukua rangi nyeupe ya maji, nikatia kijani, kikawaka kama jezi. Ili kukipoza nikatia nyeusi, nikaongeza, nikaongeza tena. Mchana kilipendeza. Saa mbili usiku mama mwenye nyumba akanipigia: "Fundi, umenigeuzia sebule kambi ya jeshi?" Nikaenda. Kweli, chini ya taa zake ukuta ulikuwa tope tupu.

Kosa la kwanza ni ile nyeusi. Kijani kinachowaka kinapozwa na nyekundu ya udongo, matone machache tu. Nyeusi inakitia giza bila kukituliza. Nyeusi ina kazi yake kwingine: ichanganye na njano ya udongo, zeituni inatoka yenyewe hata kopo la kijani hujaligusa. Jaribu kwenye mfuniko, utacheka. Siku hizi ndiyo njia yangu: nyeupe, njano ya udongo, nyeusi kidogo kidogo, na kijani mwishoni kama kinahitajika.

La pili ni taa. Balbu zilizoandikwa 6500K zina mwanga mweupe wa kibuluu, na njano iliyo ndani ya zeituni inafia hapo. Za 3000K zinairudisha. Uliza balbu kabla ya kuuliza rangi. Yule mama nilimbadilishia balbu nne, akalegea kidogo. Ukuta wa nyuma ya tivii niliurudia kwa hela yangu.

Kwa hiyo paka kipande kwanza, kikubwa kama nusu ya mlango, mikono miwili (yaani upake mara mbili), kwenye ukuta unaotazama dirisha na ule wa pembeni yake. Kiache kikauke, maana rangi ya maji ikiwa mbichi inakudanganya, ikikauka inakolea. Mwite mteja akione asubuhi na usiku. Kama nje ya dirisha kuna mwembe, mwanga unaingia tayari una ukijani, basi punguza kijani kwenye rangi.

Changanya yote kwa pamoja kwenye ndoo moja. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kina kama mita za mraba 38 ukitoa mlango na dirisha. Ukuta ukiwa laini, lita moja inafunika kama 10, kwa hiyo mikono miwili ni lita 8. Ikikuishia ukuta wa tatu, hutaipata ileile tena, hata uape.

Dari iwe nyeupe ya maziwa. Milango ya mninga iache na vanishi yake.

Robo lita inayobaki mwachie mwenye nyumba kwenye kopo lililofungwa vizuri, na juu ya mfuniko andika kwa maka pen ulichotia na kiasi chake. Watoto watauchafua ule ukuta, na atakayepigiwa simu ni wewe.