Kesi yangu imefutwa, nairudishaje?

Namdai mteja pesa za dagaa Mahakama ya Wilaya. Siku ya kesi nilikuwa natoka Nansio, boti ikazima injini majini. Nafika Mwanza saa saba mchana, karani ananiambia kesi imefutwa. Nifungue nyingine? (Dada wa Kirumba)

Pole dada, ila usikimbilie kufungua nyingine. Omba kwanza nakala ya amri ya siku hiyo, uangalie kama mdaiwa alikuwepo. Kama wote hamkuwepo, unaweza kufungua shauri jipya, mradi muda haujapita (madai ya mkataba ni miaka 6), au kuomba amri ile itenguliwe. Kama yeye alikuwepo na aliyekosekana ni wewe, huwezi tena kufungua kesi mpya kwa dai lilelile. Unabaki na maombi ya kutengua tu, chini ya Amri ya 9 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ndani ya siku 30 tangu ilipofutwa.

Maombi hayo yanakwenda na kiapo, na hapo ndipo watu wanapojimaliza. Wanaandika "nilipata dharura", basi. Wewe andika uliondoka saa ngapi, injini ilizima mkiwa wapi, nani aliwavuta hadi nchi kavu. Nahodha aape kiapo chake mwenyewe, usimsemee. Kama kuna tiketi, au meseji uliyomtumia mtu asubuhi ile, ambatanisha. Na jiandae na swali ambalo hakimu yeyote anayelijua ziwa hili atakuuliza: kwa nini hukuvuka jana yake?

Wakili wangu ndiye hakutokea. Mimi nilikuwa Magu nikijua yupo. Hiyo si sababu? (Mzee wa Igoma)

Shikamoo mzee. Peke yake, mara nyingi haitoshi. Mahakama zetu zimesema tena na tena kwamba uzembe wa wakili si sababu ya msingi, na mwenye kesi naye anapaswa kuifuatilia. Kama aliugua, au alikuwa Mahakama Kuu kwa shauri jingine, aape yeye na alete uthibitisho wenye tarehe ya siku ileile. Cheti cha daktari cha keshokutwa yake kinaharibu kuliko kutokuwa nacho.

Miezi minne imepita. Nimechelewa? (Msomaji, Misungwi)

Umechelewa, lakini unaweza kuomba kuongezewa muda kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Haya ndiyo maombi magumu zaidi, kwa maoni yangu kuliko yale ya kutengua yenyewe, maana utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, hata iwe moja. Kaa na kalenda kabla ya kukaa na wakili. "Sikujua sheria" haikusaidii.

Mdaiwa anaweza kupinga? (Huyohuyo)

Anaweza, na lazima apewe taarifa. Mkirudishiwa kesi, unaweza kuamriwa umlipe gharama. Ukikataliwa kutengua, unaweza kukata rufaa.