Kwa maafisa ugani wapya wa pamba: kabla hujamwambia mkulima achanganye mazao

Ukipangiwa kata ya pamba kule Simiyu au Shinyanga, hutamaliza msimu kabla hujaitwa kuona pamba iliyonyauka kwa mabaka huku ya jirani yake imesimama. Usikimbilie dawa. Beba jembe na kisu.

Ng'oa mche unaoanza kunyauka, maana uliokwisha kukauka hauna la kukuonyesha. Pasua shina kuanzia chini kwenda juu. Michirizi ya kahawia chini ya ganda ni dalili ya mnyauko fuzari. Kisha osha mizizi. Pamba si jamii ya mikunde, haina vinundu vyake, kwa hiyo mafundo ukiyaona washuku minyoo fundo. Wawili hawa huandamana, hasa kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga: mnyoo huudhoofisha mzizi, kuvu wa fuzari akapita.

Hapo ndipo wageni wengi hukosea. Wametoka chuoni wakijua kunde na choroko hurutubisha ardhi, basi wanashauri zipandwe katikati ya pamba. Kurutubisha ni kweli, ila aina nyingi za kunde hushambuliwa na minyoo ileile. Mkulima anaifuga bila kujua. Zikianza kutoa maua, ng'oa moja uisugue mizizi. Vinundu vya bakteria wanaonasa nitrojeni hubanduka kwa kidole, na ndani vina wekundu. Fundo la mnyoo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukikuta mafundo, badili zao. Karanga haiwalishi minyoo fundo wanaoisumbua pamba zaidi. Marejea, mmea wa mbolea ya kijani usioliwa, hupunguza minyoo vizuri zaidi, ingawa mkulima atakuuliza atakula nini, na ana haki ya kuuliza. Mimi humwambia aanze na kile kipande ambacho pamba haimpi kitu tena.

Angalia na nafasi. Palipopandwa sentimita 90 kwa 40, mstari wa karanga unaingia. Kwenye 60 kwa 30 utabananisha tu. Hapo zungusha mazao kwa misimu. Na uliza kwanza kama taratibu za pamba za eneo lako zinaruhusu kuchanganya.

Usishangae ukisoma habari za Punjab, ambako zamani watafiti waliona pamba iliyochanganywa na mmea wa jamii ya choroko ikifa kidogo kwa kuoza mizizi. Kivuli cha mmea ule kilipoza udongo, na kuvu wa kule hupenda joto kali. Huo ni ugonjwa mwingine. Usiupeleke kwenye fuzari ukategemea matokeo yaleyale.

Sasa bakteria wanaouzwa ili wapakwe kwenye mbegu na kulinda mizizi. Kwenye pakiti utaona Bacillus au Pseudomonas. Wanaukalia mzizi mapema, wanagombania chakula na kuvu, wengine hutoa kemikali za kumzuia. Bacillus hujifungia kwenye chembe ngumu ziitwazo spora na kuvumilia joto la stoo. Pseudomonas hana uwezo huo, kwa hiyo pakiti iliyokaa duka la bati miezi kadhaa usiinunue. Paka mbegu kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Na uliza mbegu imetiwa nini tayari! Ikiwa imetiwa dawa ya kuua bakteria wa magonjwa, dawa hiyo haichagui, na pesa ya pakiti imepotea. Samadi iliyooza vizuri huwasaidia, kwani udongo usio na mboji hauwalishi.

Shamba lililooza nusu haliponywi na haya. Fuzari hukaa ardhini miaka mingi na husafiri na mbegu, hivyo tegemeo lako kuu ni mbegu safi ya aina inayostahimili. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimekuwa kikizichagua hizo miaka mingi, na herufi UK kwenye majina kama UK91 zinatoka huko. Masalia yang'olewe yachomwe.

Ukijaribu bakteria kwa mkulima, acha mistari michache isiyopakwa, katikati ya shamba na si pembeni palipo na mchwa na mbuzi. Hesabu miche iliyosimama wakati wa kupunguzia, hesabu tena vitumba vikifunga, uandike mbele ya mkulima mwenyewe.