Kiluwiluwi cha mbu kwenye gemu la mtandaoni Kingdom of Loathing

Mkuu, unasema umezunguka Spooky Forest (ule msitu wa kwenye gemu) siku nzima, baraza linalokupa kazi linataka kiluwiluwi cha mbu na we unaambulia kupigana tu. Hukosei, ni bahati ya kukutana nacho. Endelea kuzurura mpaka mapigano yakatike utokee ukurasa wa Arboreal Respite, hapo chagua kijito alafu nenda kwenye kinamasi, usiende kwenye kichaka. Mi mara ya kwanza badala ya kinamasi nilichagua pango nikaokota nyama 300 (humo nyama ndo hela, bucha kapewa benki kuu 😂) nikafurahi kama mjinga, kiluwiluwi sina. Ila humo kwenye gemu usinywe pombe kupita kiasi kabla hujamaliza, ukilewa chakari huendi popote mpaka kesho.