Msitie mawese kwenye gramafoni: majibu kwa maswali yenu

Ninatengeneza saa na cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini, na kwa miaka mingi gramafoni za ufunguo, zile zinazokazwa kwa hendeli, zimekuwa zikiletwa mezani kwangu kama wagonjwa waliokwishakatiwa tamaa. Nyingi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimekaukiwa grisi, kisha mtu mwenye haraka akazilazimisha. Wiki hii najibu maswali yaliyonifikia tangu mwezi uliopita. Nikisema gramafoni nina maana ya mashine yenyewe, na nikisema sahani ni ile sahani ya santuri inayochezwa juu yake, maana wazee wetu wengine huita vyote viwili santuri na tukachanganyana.

Shikamoo fundi. Marehemu babu alituachia gramafoni ya begi. Kaka yangu alipoona hendeli inazunguka kwa shida, akamimina mawese ndani. Sasa inazunguka kidogo, inagonga du, du, du, kisha inasimama. Je, imekufa? (Msomaji wa kike, Ujiji)

Marahaba, mwanangu. Haijafa. Ila mwambie kaka yako asiiguse tena.

Mawese ni mafuta mazuri ya maharage na migebuka, na sisi wa Kigoma tunayo kila nyumba, ndiyo maana huwa ya kwanza kufikiwa na mkono. Kwenye mashine ni balaa. Kukiwa na ubaridi yanaganda, yakikaa yanakuwa kama gundi, na vumbi letu jekundu likinasa humo unapata msasa unaokula meno ya gia taratibu.

Lakini hiyo du, du, du ilikuwepo kabla ya mawese. Ndani ya mota kuna kopo la chuma, na ndani ya kopo kuna kamani, utepe wa chuma uliokunjwa kama mkeka. Unapozungusha hendeli unaikaza. Ikijifungua ndiyo inayozungusha sahani. Kiwandani ilipakwa grisi ili mikunjo iteleze mmoja juu ya mwingine. Baada ya miaka sitini au themanini grisi hiyo imekuwa kama lami kavu. Mikunjo inashikana, inaachia kwa ghafla, inashikana tena. Kila inapoachia unasikia du.

Dawa yake ni kufungua kopo, kutoa kamani, kuiosha kwa mafuta ya taa, kuikausha, kuipaka grisi mpya na kuirudisha. Kusema ni rahisi. Kabla ya yote, acha mota izunguke mpaka nguvu yote iishe. Yote kabisa. Mimi nina kovu kutoka kwenye kidole gumba mpaka karibu na kifundo cha mkono, kwa sababu nilidhani kamani imelegea kumbe ilikuwa imejaa nusu. Iliruka kama nyoka. Vaa glavu nene za ngozi na miwani ya fundi wa kuchomelea, na watoto wasiwepo chumbani. Kama mikono yako haijazoea, ipeleke kwa fundi saa aliyekwishafanya kazi hiyo.

Grisi ni ya kamani na gia tu. Gavana, vile vitufe vitatu vinavyozunguka mbio kuzuia mwendo usizidi, vinataka mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila upande wa mhimili, na tone jingine kwenye kitambaa kinachokibana kisahani cha gavana. Kitambaa kikikauka, mota inalia kama panya.

Na kama mtu nyumbani kwenu anabisha kwamba grisi ni kitu kidogo, mpeleke bandarini akaitazame meli ya Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha ziwani isichukuliwe na adui, mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Ikaopolewa mwaka 1924, mitambo ikakutwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Miaka mingi chini ya maji ya Tanganyika! Gramafoni ya babu yako imekaa kabatini tu.

Fundi, sahani ya taarabu ya mama ina mwimbaji mwanamke, lakini kwenye gramafoni yangu anatoka na sauti ya mwanamume. Tatizo ni sahani? (Kijana wa bodaboda, Gungu)

Ni mwendo, ndugu yangu. Sahani hizo zinatakiwa zizunguke mara 78 kwa dakika. Zikipungua, sauti inazama. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, icheze hivyo hivyo sindano ikiwa juu yake, na uhesabu kwa saa ya simu: mizunguko 13 kwa sekunde kumi. Ikiwa kumi na moja, zungusha skrubu ya mwendo kidogo kidogo na uhesabu tena. Usihesabu sahani ikiwa tupu bila sindano. Sindano ni breki, itakudanganya. Na kaza hendeli kabla ya kila upande, usingoje mwimbaji aanze kusinzia.

Sindano zimekwisha. Natumia sindano ya kushonea niliyoikata. Mbaya? (Mstaafu wa reli, Tabora)

Mbaya sana, mzee wangu, na nakuomba uache leo.

Sahani hizo zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo unaotoka India, uliochanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliwekwa kwa makusudi. Katika mizunguko ya mwanzo unainoa sindano ya chuma mpaka ncha yake ikae sawasawa na mfuo, kile kijifereji cha sahani inamopita sindano. Kwa hiyo sindano ndiyo iliyokusudiwa kulika, sahani isilike. Baada ya dakika tatu ncha imekwishakuwa na makali kama patasi. Ukiirudia upande wa pili inachonga muziki wako na kuugeuza vumbi la kijivu. Ndiyo maana wenye viwanda waliuza kopo la sindano mia mbili, na kanuni ilikuwa sindano moja upande mmoja. Sindano ya kushonea ni ngumu mno na nyembamba mno. Inachimba chini ya mfuo.

Sindano mpya za gramafoni bado zinatengenezwa na unaweza kuziagiza. Zikichelewa, chonga mwanzi. Sina mzaha. Sindano za mwanzi ziliuzwa madukani zamani hizo kwa watu waliojali sahani zao. Chukua mwanzi uliokauka vizuri, tumia sehemu ya nje iliyo ngumu, uchonge uingie kwenye tundu bila kuchezacheza, ncha uikate mshazari kwa wembe. Sauti itakuwa ndogo kuliko ya chuma, lakini ni laini, na baada ya kila upande unaikata ncha upya. Mimi sahani za thamani huzicheza kwa mwanzi peke yake.

Gramafoni yangu inazunguka vizuri lakini sauti inakoroma kama redio yenye betri zilizoisha. (Msomaji, Katubuka)

Tatizo ni kichwa cha sauti, kile kinachoshika sindano. Ndani yake kuna kiwambo, cha maika kwenye zile za zamani au cha alumini kwenye za baadaye, kilichobanwa kati ya mipira miwili ya mviringo. Mipira hiyo ikigeuka kuwa migumu kama kucha, kiwambo kinakosa uhuru na kinakoroma. Kimpira chembamba cha valvu ya baiskeli, kile kinachouzwa na mafundi baiskeli wote wa hapa mjini, kinatosha kabisa. Kata kwa kipimo, ncha zikutane bila kupandana, rudisha kiwambo katikati. Usikaze skrubu kwa nguvu: kichwa kikiwa cha aloi ya zinki iliyozeeka kitapasuka mkononi mwako, na hakichomelewi.

Naweza kuchezea LP za baba kwenye gramafoni ya ufunguo?

Hapana. LP zilikuja mwaka 1948, ni za plastiki laini, na zinazunguka mara 33 na theluthi. Kichwa cha gramafoni kinakandamiza kwa zaidi ya gramu mia moja. Ukiicheza mara moja tu umeiua.

Mwalimu mwenzangu ameona kwenye simu gramafoni yenye baragumu la shaba linalong'aa na picha ya mbwa. Muuzaji anataka laki nane. Tununue? (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu, shikeni pesa yenu kwanza. Gramafoni za namna hiyo zimekuwa zikiundwa India kwa miaka mingi kwa ajili ya watalii: sanduku jipya, baragumu jipya, na mota iliyong'olewa kwenye gramafoni ya begi. Mbwa amebandikwa tu ili muone HMV, ile kampuni ya Uingereza ya gramafoni na sahani. Mwombe muuzaji picha ya mota kwa chini, picha ya nyuma pale baragumu linapoungana na sanduku, na video ya sahani nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kiungo cha nyuma kikiwa kinene, kimefungwa kwa boliti za dukani na baragumu linatikisika, ondokeni. Mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui, naye aliuziwa.

Kwa anayeanza, mimi napendekeza begi jeusi la HMV 102, lililoanza kuuzwa mwaka 1931 na kuendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1950. Halina baragumu la kupendezesha sebule. Lakini ni imara, vipuri vyake vinapatikana, na linaimba kwa nguvu ya kushangaza. Sanduku likipauka msilipake vanishi. Futeni vumbi, mpake nta ya nyuki kutoka Tabora, basi.

Fundi, nina sahani kumi na moja za babu. Nyingine zina mbwa, nyingine zimeandikwa GV, moja imeandikwa Ngoma. Moja imepinda kama chapati na moja ina ufa. Mfanyabiashara anazitaka zote kwa elfu hamsini. (Yule yule wa Ujiji)

Usiuze bado, mwanangu. Soma kwanza ulichonacho.

Mbwa ni alama ya HMV. Kampuni hiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad na wenzake wa Unguja, waliosafiri kwa meli mpaka Bombay mwaka 1928 kwa sababu huku kwetu hapakuwa na studio. Tazama majina kwenye lebo kwa makini. GV ni mfululizo wa HMV ulioanza mwaka 1933, umejaa muziki wa Kuba ulioletwa kuuzwa Afrika. Vijana wa Kongo waliusikiliza mpaka wakatoa rumba yao. Na Ngoma ni kampuni ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, iliyoanza mwaka 1948. Ukiwa Ujiji, ukitazama ng'ambo ya ziwa, unaona jinsi sahani hizo tatu zinavyoweza kukutana kwenye sanduku la mzee mmoja. Hilo sanduku likigawanywa, habari hiyo haipo tena.

Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, lebo isilowe, uzikaushe kivulini. Spiriti usiisogeze, inayeyusha shelaki. Iliyopinda ilaze kati ya vioo viwili safi, weka juani asubuhi, uichungulie. Ikilegea na kunyooka ipeleke kivulini ikiwa bado imebanwa mpaka ipoe. Yenye ufa usiicheze hata kidogo, sindano itanasa na kuikata vipande. Ilete kwangu, nina namna ya kuishikilia tuicheze mara moja na kuinasa kwenye simu. Nyingine zote zinase pia, halafu muulize mama yako au shangazi ni ipi babu aliicheza siku za Idi, uandike.

Ukija, zifunge moja moja kwenye kanga, zisimame wima kama vitabu, na mwambie wa bodaboda apite polepole kwenye mashimo.