Ukungu ndani ya geji za boti

Swali: Boti yangu ya faiba ina geji ya mafuta na ya mizunguko ya injini. Kila asubuhi vioo vina ukungu kwa ndani. Nizipake silikoni pande zote? – Msomaji, Mafia

Jibu: Usipake kwanza, ndugu. Geji nyingi za boti zina kitundu cha kupumulia kwa nyuma. Mchana hewa yenye unyevu huingia. Usiku kioo hupoa na mvuke hugeuka matone. Ukikiziba kitundu hicho, unayafungia maji ndani. Washa taa ya geji dakika 30. Joto la balbu likiufukuza ukungu, geji ni nzima. (Taa ya LED haina joto la kutosha.)

Maji yakituama chini ya kioo, mpira wa ukingoni umechoka. Chomoa waya wa hasi wa betri, zipige picha nyaya zote, kisha toa geji. Ifungie siku 2 au 3 kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na gramu 100 za silika, ile ya vipakiti vya maboksi ya viatu. Usiikaushe kwa mchele wala kikausha nywele: mchele huacha vumbi, na kikausha nywele hupinda kioo cha plastiki.

Ikishakauka, pitisha silikoni nyembamba pale pete ya ukingoni inapokutana na kioo tu, uiache saa 24. Tafadhali chagua isiyonuka siki: inayonuka hutoa asidi inayokula shaba. Sindano ikishashika kutu, nunua geji mpya. Na dashibodi usiioshe kwa maji ya presha, futa kwa kitambaa.